Saa ya mkononi ilisema oksijeni ya mama ni 86: tuiamini au tuitupe?

*"Mama yangu ana miaka 71. Tangu mwaka jana anaishi nasi hapa Umoja, baada ya daktari kusema moyo wake umedhoofika na hausukumi damu inavyotakiwa. Presha anayo tangu zamani. Amelazwa mara mbili kwa sababu ya maji kujaa miguuni na kifuani. Mimi na mume wangu tunatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri kuwahi matatu, tunarudi giza limeingia. Mchana kutwa yuko na dada anayetusaidia kazi za nyumbani. Kaka yangu aliye Dallas, Marekani, alituma saa janja inayopima mapigo ya moyo, oksijeni, presha na hata ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo, naye huona kila kitu kwenye simu yake huko. Anasema safari za kliniki za kila mwezi sasa hazina haja, daktari atumiwe namba tu. Wiki iliyopita, saa saba usiku, akatupigia: oksijeni ya mama ni 86! Tukaita teksi mbio mbio. Hospitalini wakambana kidole kwa kile kifaa chao, ikasoma 95, tukarudi nyumbani alfajiri bila hata tembe moja. Jirani yetu naye anashikilia kwamba ni mawimbi ya hiyo saa yanayomvuruga moyo. Mama mwenyewe haipendi. Akipata nafasi anaivua na kuificha chini ya mto. Tuiamini, tununue nyingine iliyo bora, au tuitupe?"*

Pole kwa usiku huo, dada yangu. Wala usijilaumu kwa nauli ya teksi. Kumkimbiza mzazi hospitalini ukaambiwa hana neno si hasara.

Kwanza ujue unazungumza na nani. Mimi ni mhandisi wa vifaa vya tiba. Kazi yangu ni kufunga, kupima na kutengeneza mashine za wagonjwa katika hospitali za hapa Nairobi, na miaka ya karibuni nimekuwa nikiwasaidia madaktari wa moyo kuwafuatilia wagonjwa walio nyumbani kwao. Kuhusu kifaa nitasema bila kusitasita. Tukifika kwenye dawa na mwili wa mama, nitakurudisha kwa daktari wake.

Jibu fupi: msiitupe, msiiamini kwa presha, na kliniki msiiache hata mwezi mmoja. Jibu refu linaanzia kwenye ile 86.

Geuza hiyo saa uiangalie upande wa nyuma. Utaona taa ndogo za kijani, na karibu yake nyekundu. Ile ya kijani ndiyo inayohesabu mapigo. Damu hufyonza mwanga wa kijani. Moyo unapopiga, damu hujaa kidogo zaidi chini ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua, na jicho la elektroniki huhesabu kule kupungua. Kupima oksijeni kunahitaji rangi mbili: nyekundu, na infraredi ambayo macho yetu hayaioni. Himoglobini, ile chembe nyekundu ya damu inayosafirisha oksijeni, ikiwa imeibeba huuachia mwanga mwekundu upite na kuufyonza zaidi ule wa infraredi. Isiyobeba oksijeni hufanya kinyume. Kifaa hulinganisha miale hiyo miwili na kutoa asilimia. Aliyeutangaza ujanja huu mwaka 1974 ni Mjapani Takuo Aoyagi, ambaye alikuwa mhandisi, si daktari. Mniruhusu nijivune kidogo kwa niaba ya wenzangu.

Sasa tazama tofauti. Kibanio cha hospitali hupitisha mwanga kutoka upande mmoja wa kidole hadi wa pili, na ncha ya kidole ni nyembamba na imejaa mishipa midogo ya damu. Saa haina upande wa pili. Inamulika kifundo cha mkono, mahali penye mifupa na kano, halafu inangoja mwanga kiasi unaorudi. Mkanda wake ukilegea, mwanga wa nje unaingia. Mgonjwa akiulalia mkono, damu inakwama. Mkono ukiwa baridi, na Julai ya Nairobi mnaijua, mishipa inajikunyata. Akigeuka kitandani, mtikisiko wa mkono unachanganyika na mapigo ya moyo na programu haijui kipi ni kipi. Lolote kati ya haya linaweza kuishusha namba hadi themanini na kitu ilhali damu yenyewe haina shida. Nikilazimishwa kukisia, nitasema mama alikuwa ameulalia mkono, au alikuwa katikati ya shughuli yake ya kuivua.

Kuna na jambo ambalo kaka yako huenda hakulifikiria. Dallas iko chini ya mita 200 kutoka usawa wa bahari; Nairobi iko mita 1,700 hivi. Kanieneo, yaani mgandamizo, wa hewa tunayovuta hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Mtu mzima asiye na ugonjwa wowote anaweza kusoma 95 hapa na ndugu yake wa Mombasa akasoma 98, na wote wakawa wazima. Basi ile 95 ya hospitalini ilikuwa ya kawaida kabisa kwa mji huu. Ila 90 isije ikazoeleka kwa kisingizio cha mlima. Mwombeni daktari wa mama aandike kwenye kitabu chake cha kliniki kiwango chake yeye: kikishuka hapa tupigieni, kikishuka hapa mleteni.

Halafu kuna lile ambalo wauzaji hawalitaji. Rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga, na vifaa hivi kwa miaka mingi vilisawazishwa zaidi kwa watu wenye ngozi nyeupe. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha ulinganisho wa kibanio cha kidole na kipimo halisi cha damu iliyotolewa kwenye ateri, mshipa unaotoa damu moyoni. Walitafuta visa ambapo kibanio kinaonyesha 92 hadi 96 kumbe oksijeni ndani ya damu iko chini ya 88. Kwa wagonjwa Weusi visa hivyo vilikuwa karibu mara tatu ya vya wagonjwa Weupe. Februari 2021 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, ikatoa tahadhari. Kwetu sisi hilo ni la kukera kuliko 86 ya uongo, maana hapo kifaa hukosea kwa upande wa kukufariji. Ndiyo maana nesi mzoefu haishii kwenye namba. Anatazama midomo na ulimi, anahesabu pumzi, anamwambia mgonjwa "nieleze ulikula nini jana" ili asikie kama sentensi inafika mwisho.

Nanyi fanyeni hivyo hivyo. Nunueni kibanio cha kidole kwenye famasia inayoaminika. Simu ikilia tena usiku, mwamsheni mama, aketi, pasheni vidole vyake joto, ondoeni rangi ya kucha kama ipo, kidole chenye hina kiepukeni, kisha mbaneni kidole na mngoje dakika nzima namba itulie. Akiongea vizuri, akipumua vizuri, na kibanio kikisoma kawaida yake, laleni. Akiwa anahema, nendeni, hata kibanio kikisema 97. Na kama saa inaonyesha kushuka usiku baada ya usiku, msiipuuze moja kwa moja: wenye moyo dhaifu wengi hukatika pumzi usingizini, na tatizo hilo lina kipimo chake. Mpelekeeni daktari picha za hizo grafu.

Kuhusu presha sina huruma. Saa yenu haipimi presha; inakisia.

Mashine ya mkanda hufanya kazi kwa kushindana nguvu. Mkanda unajaa hewa, unaubana mshipa wa mkono wa juu mpaka damu inasimama, kisha unalegea taratibu huku mashine ikisikiliza mtikisiko wa damu inaporudi. Msingi huo haujabadilika tangu daktari Mwitaliano Scipione Riva-Rocci alipobuni mkanda wake mwaka 1896. Saa isiyobana kitu haina cha kushindana nacho. Inasoma umbo la wimbi la mapigo, kisha programu inabahatisha presha itakuwa ngapi. Makampuni makubwa hayafichi jambo hili: Galaxy Watch ya Samsung, kwa mfano, hukutaka uisawazishe kwa mashine ya mkanda kila baada ya siku 28. Mwongozo wa madaktari wa presha wa Ulaya wa mwaka 2023 haupendekezi vifaa visivyo na mkanda kwa kutambua ugonjwa wala kuamua dawa.

Na hizo ni zile zenye majina. Niliwahi kununua saa ya bei rahisi mjini, nikaifunga kwenye ndizi mbivu juu ya meza yangu ya kazi. Ndizi ikaonekana ina mapigo 74 na presha 118 kwa 76, presha ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuipata. Vijana wa karakana walicheka mpaka machozi. Nami nilicheka, hadi nilipofikiri kwamba kuna mtu mahali fulani anaruka tembe zake kwa sababu saa kama hiyo imemwambia yuko sawa. Kaka yenu akituma pia pete au saa inayodai kupima sukari bila kuchoma ngozi, mjue FDA ilitangaza Februari 2024 kwamba haijaidhinisha hata moja ya namna hiyo.

Tafuteni mashine ya presha ya mkono wa juu, na mpime unene wa mkono wa mama kabla ya kulipa: mkanda mdogo kwenye mkono mnene unaipandisha presha isiyopanda, na mkubwa kwenye mkono mwembamba unaishusha. Mkishaipata, ibebeni siku ya kliniki ipimwe kando ya mashine ya hapo. Nyumbani mama aketi dakika tano kwanza, ameegemea, nyayo chini, mkono umelala mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi si juu ya sweta, na asizungumze. Mara mbili asubuhi kabla ya dawa, mara mbili jioni, mkipisha dakika moja kati ya kipimo na kipimo. Fanyeni hivyo kwa wiki moja kabla ya kila kliniki, si kila saa ya mchana. Nimeona watu waliopandisha presha kwa kuipima.

ECG ya saa, kwa upande wake, ni kitu cha maana nikikifikiria kilikotoka. Mmarekani Norman Holter, miaka ya 1940, alibeba mgongoni mtambo wa kilo 38 hivi ili kurusha umeme wa moyo kwa redio mtu akiwa anatembea. Leo mama anagusa ukingo wa saa kwa kidole sekunde 30 basi. Inachokiona vizuri ni mapigo yasiyo na mpangilio, pale vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka ovyo badala ya kupiga. Hali hiyo hugandisha damu na kuleta kiharusi, na huwapata sana wenye moyo dhaifu, kwa hiyo saa ikiandika kwamba mapigo hayana mpangilio, hifadhini mchoro na mpigie daktari siku hiyo hiyo. Isichoweza kuona ni shambulio la moyo. Ya hospitali huutazama moyo kutoka pande 12. Ya saa, upande mmoja. Kifua kikimbana mama na saa ikasema "kawaida", nendeni hospitali na saa yenu.

Jirani yenu mpeni chai na mmwambie hivi. Bluetooth hutumia mawimbi ya redio, familia moja na ya Wi-Fi, kwa nguvu ndogo sana inayofika mita kumi hivi. Simu aliyonayo mfukoni inaporusha sauti hadi mlingoti wa mtandao hutumia nguvu mara nyingi zaidi ya hiyo. Mawimbi haya hayana nguvu ya kuvuruga moyo wa mama. Angekuwa amewekewa pesimeka kifuani, kile kifaa kinachoongoza mapigo ya moyo, ningewaambia msiweke simu wala chaja yenye sumaku karibu nayo, iwe umbali wa sentimita 15 au zaidi, lakini hiyo ni habari ya sumaku.

Hizo mita kumi lakini zina maana nyingine ambayo nadhani hamjaiona. Saa haiongei na Dallas. Inaongea na simu iliyo karibu, simu ndiyo inayopandisha namba kwenye intaneti, zinakaa kwenye kompyuta ya kampuni, na kaka yako anazisoma kutoka huko. Imeunganishwa na simu ya nani? Kama ni yako, basi unapopanda matatu alfajiri unaondoka na daraja. Isipokuwa saa iwe na laini yake au mmeiunganisha na Wi-Fi ya nyumbani, mchana kutwa inaweka namba tumboni mwake na kuzimwaga ukirudi. Kwa hiyo saa zile mama yuko na dada peke yao ndizo saa zisizo na mtu anayeona chochote. Ongeza bando lililokwisha, stima iliyopotea saa isichajiwe, na ule mto wa mama. Kaka yako anadhani anamwona mama masaa 24. Hamwoni.

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu rai ya kaka yako si ya kijinga. Inafanana na ile waliyokuwa nayo wataalamu wengi, mpaka walipoipima.

Mwaka 2010 matokeo ya utafiti wa Marekani uitwao Tele-HF yalichapishwa. Wagonjwa 1,653 waliotoka kulazwa kwa sababu ya moyo dhaifu waligawanywa: nusu wakapata huduma ya kawaida, nusu wakatakiwa kila siku kupigia simu mtambo wa sauti na kueleza uzito na dalili zao, madaktari wazipitie. Baada ya miezi sita hapakuwa na tofauti. Waliolazwa tena au kufariki walikuwa karibu nusu kila upande. Kati ya waliopewa mtambo, asilimia 14 hawakuutumia hata mara moja, na kufikia wiki ya mwisho ni asilimia 55 tu waliokuwa wanapiga angalau mara tatu kwa wiki. Mama zenu wanaoficha saa chini ya mto ni wengi duniani.

Kisha mwaka 2018 Wajerumani wakaleta habari nyingine. Katika utafiti wa TIM-HF2, wagonjwa 1,571 walishirikishwa, na nusu yao walipewa mizani, mashine ya presha, kifaa cha ECG na kibanio cha oksijeni, vyote vikituma vipimo bila waya kila siku hadi kituo cha hospitali ya Charité mjini Berlin. Hawa walipoteza siku chache kuliko wenzao kwa kulazwa, na vifo vilipungua: 7.9 kwa kila watu 100 kwa mwaka, dhidi ya 11.3 kwa wasiofuatiliwa. Vifaa vyenyewe havikuwa vya ajabu. Ajabu ilikuwa upande wa pili: madaktari na manesi waliokaa kituoni usiku na mchana, wenye historia ya kila mgonjwa mbele yao, walioruhusiwa kubadili dawa kwa simu siku hiyo hiyo, na waliompigia kila mgonjwa kila mwezi kuongea naye tu.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza saa gani ni bora, uliza namba za mama zinamfikia nani, na huyo mtu anaweza kufanya nini. Kwa sasa zinamfikia mwana mwenye upendo, aliye saa nane au tisa nyuma yetu, asiyeweza kumgusa mama wala kumbadilishia dawa. Anachoweza ni kuogopa na kuwaamsha. Namba kuwa sahihi zaidi hakuwezi kutibu hilo.

Naelewa kwamba Umoja si Berlin. Lakini kituo kidogo mnaweza kukiunda, na kifaa chake cha kwanza ni mizani ya bafuni.

Sikutanii. Moyo ukizidiwa, figo huanza kushika chumvi na maji. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mwili unaweza kuficha lita kadhaa kabla viatu havijaanza kubana na kifua hakijaanza kukoroma, na katika siku hizo saa janja haioni kitu: mapigo ni yale yale, oksijeni ni ile ile. Mizani inaona. Mama apande kila asubuhi akishakojoa, kabla ya chai, na nguo zile zile nyepesi, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu, si zulia. Uzito uandikwe kwenye daftari. Ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, ni simu kwa kliniki siku hiyo, hata kama mama anajisikia vizuri. Kipimo kamili cha kwake mwulizeni daktari, na muulizeni pia kama mnaruhusiwa kuongeza dawa ya maji, ile ya kutoa maji mwilini kwa mkojo, wenyewe na kwa kiasi gani. Bila maandishi yake, msiguse.

Kazi hii mpeni dada anayekaa naye, na mmwongezee kitu mwisho wa mwezi, kwa sababu mmemwongezea kazi. Ndiye anayejua kama mama leo amepanda ngazi akisimama mara tatu badala ya moja, kama ameomba mto wa pili, kama amekataa chakula. Akutumie picha ya daftari kwa WhatsApp kila asubuhi. Wewe ndiye msomaji wa kwanza. Wa pili awe nesi wa kliniki ya moyo: ombeni namba ya kliniki na mkubaliane ni yapi ya kupiga simu na yapi ya kungoja. Ulizeni pia mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa wenu. Mwaka 2023 serikali iliwapa wahudumu hawa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na kupita nyumbani ni kazi yao. Kaka yako mpeni jukumu linalomfaa: alipie mizani, mashine ya presha na bando, na ampigie mama kila Jumapili.

Kuhusu kliniki ya kila mwezi, daktari hamwiti mama ili asome namba. Dawa za maji na zile za moyo zinaweza kuvuruga potasiamu, madini yaliyomo kwenye damu, na kuchosha figo bila dalili yoyote, na potasiamu ikizidi au ikipungua mno inaweza kusimamisha moyo. Hilo hujulikana kwa kutoa damu. Hakuna taa ya kijani inayoliona. Halafu kuna mshipa wa shingo wa kutazamwa, mapafu ya kusikilizwa, kifundo cha mguu cha kubonyezwa. Siku moja daktari anaweza kusema hali imetulia, njooni kila baada ya miezi mitatu na katikati tuzungumze kwa video. Hospitali kadhaa za mjini zinafanya hivyo. Aseme yeye.

Mkitaka kununua nyingine "iliyo bora", ushauri wangu ni hapana. Pesa hizo zinatosha mizani, mashine ya mkanda na kibanio, na mara nyingi chenji hubaki. Ile mliyonayo ivaliwe mchana kama mama atakubali, kwa ajili ya mapigo na ECG.

Kama atakubali. Katika barua yako yote, mama amesema mara moja tu, na amesema kwa kuivua. Je, amewahi kuambiwa kwamba mapigo yake, usingizi wake na mara anazoamka usiku vinasomwa Marekani? Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaziweka habari za afya kati ya data nyeti, na mwenye mwili ndiye mwenye idhini. Sheria kando, ni mama yenu. Ketini naye, mumwoneshe ile skrini, mmuulize kinachomkera. Huenda mkanda unamwasha, huenda mwanga wa usiku unamnyima usingizi, huenda hataki kuchunguzwa. Nimemwona mzee mmoja aliyeitupilia mbali saa ya wanawe lakini mizani akaipenda, kwa sababu wajukuu walikuwa wanapanga foleni kupima naye kila asubuhi.

Kuna dalili ambazo mkiziona hamtafuti saa wala kibanio: pumzi inayokatika akiwa ameketi tu, au inayomwamsha usiku akitafuta dirisha, makohozi yenye povu la rangi ya waridi, maumivu au mbano wa kifua unaoenda kwenye mkono, taya au mgongo, kuzimia, kuchanganyikiwa ghafla, midomo kuwa ya kijivu, mdomo kupinda au mkono mmoja kukosa nguvu. Hapo ni hospitali yenye idara ya dharura, wakati huo huo. Namba za dharura ni 999 na 112, lakini msingoje siku hiyo kujua: tafuteni leo namba ya ambulensi ya hospitali iliyo karibu nanyi na ya dereva mmoja wa teksi anayepokea simu usiku, mzibandike ukutani pale dada anapoziona, pamoja na majina ya dawa zote za mama.

Na usiku wa leo, kabla hamjalala, mpigie kaka yako. Huko kwake kutakuwa mchana. Mwombe azime kengele ya oksijeni ya usiku mpaka mtakapoonana na daktari, na umwambie mama anaweza kuiacha saa mezani akienda kulala.